Kulipwa kwa Kung'oa Nyasi: Jinsi Mji wa Jangwani Ulivyopunguza Kiu ya Bustani Zake

Katika bonde la Las Vegas, kusini mwa Jimbo la Nevada nchini Marekani, mvua ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 100 tu hivi. Dodoma, ambayo huhesabiwa miongoni mwa sehemu kavu za Tanzania, hupata zaidi ya mara tano ya kiasi hicho. Hata hivyo, kwa miaka mingi nyumba za bonde hilo zilizungukwa na nyasi za kijani kibichi, zilizokatwa vizuri na kumwagiwa maji karibu kila siku wakati wa kiangazi, kana kwamba zimeota katika nchi ya mvua na ukungu.

Nyasi hizo zilikunywa maji kiasi gani? Wataalamu walipofunga mita na kupima, walikuta kwamba kila mita moja ya mraba ya bustani ya nyasi ilikuwa ikimwagiwa takriban lita 2,970 kwa mwaka. Maji hayo, lau yangetandazwa juu ya bustani kwa mara moja bila ya kunywea ardhini, yangefikia kina cha karibu mita 3. Mbingu ilileta sentimita 10. Bomba lilileta mita 3.

Tangu mwaka 1999 mamlaka ya maji ya eneo hilo imekuwa ikiwalipa wenye nyumba ili wang'oe nyasi zao na kupanda mahali pake mimea inayostahimili ukame. Malipo hayo huitwa marejesho, kwa sababu mwenye nyumba hufanya kazi kwanza kwa gharama yake, kisha hurejeshewa sehemu ya fedha alizotumia baada ya wakaguzi kuridhika. Hadi kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020, zaidi ya hekta 1,800 za nyasi zilikuwa zimeondolewa kwa njia hiyo. Mpango huu unastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mmekutana elimu ya mimea, elimu ya maji na elimu ya uchumi; na pia kwa kuwa umezusha swali gumu la haki.

MTO MMOJA, MAJIMBO SABA

Takriban asilimia 90 ya maji ya bonde la Las Vegas hutoka katika Mto Colorado, kupitia Ziwa Mead, ambalo lilitokea baada ya kujengwa Bwawa la Hoover katika miaka ya 1930. Mto huo hutegemewa na majimbo saba ya Marekani, na pia na nchi ya Meksiko. Mwaka 1922 majimbo hayo yalitia saini mkataba wa kugawana maji, na mwaka 1928 sheria ya Bunge la Marekani ikaweka msingi wa mgawo wa majimbo ya chini. California ilipewa meta za ujazo bilioni 5.4 kwa mwaka, Arizona bilioni 3.45, na Nevada milioni 370 tu. Fungu hilo la Nevada ni chini ya asilimia 2 ya maji yote yaliyogawiwa.

Wakati huo hapakuwa na aliyelalamika sana. Hesabu ya watu ya mwaka 1930 ilikuta mji wa Las Vegas una wakazi 5,165. Leo bonde hilo lina watu zaidi ya milioni 2, na fungu la maji ni lile lile.

Kosa jingine lilikuwa limejificha ndani ya mkataba wenyewe. Vipimo vya mto vilivyotumiwa mwaka 1922 vilichukuliwa katika miaka ya mvua nyingi kuliko kawaida. Kwa hiyo yaligawiwa maji ambayo mto, katika miaka mingi iliyofuata, haukuwa nayo. Ni sawa na wana wa marehemu waliogawana ng'ombe kwa kuhesabu na ndama ambao hawajazaliwa.

Ukame mkali ulipoingia mwanzoni mwa karne hii, udhaifu huo ulidhihirika. Mwaka 2002 maji yaliyoteremka mtoni yalikuwa takriban robo moja tu ya kawaida, na mwaka huo huo matumizi ya Nevada ya kusini yalivuka fungu lake. Ziwa Mead lilianza kushuka. Mwezi Agosti 2021 Serikali ya Marekani ilitangaza upungufu rasmi wa maji ya mto huo kwa mara ya kwanza katika historia, na mwezi Julai 2022 uso wa ziwa ulikuwa zaidi ya mita 50 chini ya mahali ulipokuwa mwaka 2000. Kwenye miamba inayolizunguka ziwa ulibaki mkanda mweupe wa madini, ukionyesha mahali maji yalipofika zamani.

MAJI YARUDIYO NA MAJI YASIYORUDI

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini zilaumiwe nyasi? Mbona watu huoga, hufua, hupika, na mji huo una mahoteli makubwa yenye maelfu ya vyumba? Jibu liko katika jambo moja la jiografia, nalo ndilo ufunguo wa habari hii yote.

Maji yanayotumiwa ndani ya nyumba na mahoteli ya Las Vegas hayapotei. Yakishatoka bafuni, jikoni na chooni huingia katika mabomba ya majitaka, husafishwa katika mitambo, kisha hutiririka kwa mkondo uitwao Las Vegas Wash hadi Ziwa Mead, mahali pale pale yalipotolewa. Kwa mujibu wa utaratibu wa mto, Nevada huhesabiwa maji iliyochukua, yakitolewa yale iliyorudisha. Kwa hiyo anayetoa lita 100 ziwani na kurudisha lita 100 zilizosafishwa, katika daftari la mto hakutumia kitu. Karibu maji yote ya ndani ya nyumba hurudi kwa njia hiyo.

Maji ya bustani ni tofauti. Yanapomwagwa juu ya nyasi, sehemu huvukizwa na jua kabla hata ya kugusa udongo, sehemu hupandishwa na mizizi na kutolewa hewani kupitia majani, na sehemu hutiririka barabarani na kukaukia kwenye lami. Mvuke huo haurudi Ziwa Mead. Huchukuliwa na upepo. Kabla ya mpango kushika mizizi, zaidi ya nusu ya maji ya majumbani katika bonde hilo yalikuwa yakienda nje ya nyumba.

Ndiyo sababu mamlaka ya maji ya Nevada ya kusini, iliyoundwa mwaka 1991 kwa ushirikiano wa idara za maji za eneo hilo, haikuanza kwa kuwahimiza watu waoge haraka. Kuoga haraka kunapunguza gharama za kusukuma na kusafisha maji, lakini hakuongezi hata ndoo moja katika ziwa. Kung'oa nyasi kunaongeza.

JARIBIO LA MITA

Kabla ya kumwaga fedha nyingi, ilihitajika hakika. Je, bustani ya mimea ya ukame hutumia maji machache kweli, au ni dhana tu? Na hata kama mimea yenyewe inahitaji maji machache, je, mwenye nyumba hataendelea kuimwagia kwa mazoea yale yale ya zamani?

Kuanzia mwaka 1995 ulifanywa utafiti uliodumu miaka kadhaa, na taarifa yake kamili ilitolewa mwaka 2005. Wenye nyumba waliojitolea waligawanywa katika makundi. Kundi moja liligeuza sehemu ya nyasi kuwa bustani ya ukame. Kundi jingine lilikuwa na bustani za nyasi. Na kundi la tatu liliachwa lilivyo ili liwe la kulinganishia. Mita za ziada zilifungwa kwenye mabomba ya bustani, mbali na mita kuu ya nyumba, ili ijulikane hasa ni maji kiasi gani yanakwenda kwenye kipande gani cha ardhi.

Matokeo yalikuwa bayana. Bustani ya nyasi ilitumia takriban lita 2,970 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na bustani ya ukame ilitumia takriban lita 700. Tofauti ilikuwa lita 2,270 hivi, yaani zaidi ya robo tatu. Kwa nyumba nzima, matumizi ya maji ya mwaka yalishuka kwa wastani wa asilimia 30. Upungufu huo ulionekana mara tu baada ya mageuzi kufanywa, nao ulidumu kwa miaka yote ya upimaji. Tofauti ilikuwa kubwa mno wakati wa kiangazi, ambapo ndipo mji unapobanwa zaidi, na ndogo wakati wa baridi. Aidha, kazi na gharama za kutunza bustani zilipungua kwa karibu theluthi moja, kwa kuwa kokoto hazihitaji kukatwa kila wiki.

Ili kuuona ukubwa wa jambo hili, na ichukuliwe nyumba yenye bustani ya nyasi ya mita za mraba 150. Ikigeuzwa yote, itaokoa takriban meta za ujazo 340 kwa mwaka. Hizo ni ndoo za lita 20 zipatazo 46 kila siku, mwaka mzima, kutoka katika nyumba moja, bila ya mtu yeyote wa nyumba hiyo kunywa au kuoga pungufu.

KWA NINI MMEA WA JANGWANI HUNYWA KIDOGO

Kila mmea wa kijani hukabiliwa na tatizo moja. Ili ujitengenezee chakula kwa mwanga wa jua, lazima uvute hewa ya kaboni dayoksaidi kupitia vitundu vidogo vya majani viitwavyo stomata. Lakini vitundu hivyo vikifunguka kuingiza hewa, maji ya ndani ya jani hupata njia ya kutokea. Mmea hununua hewa kwa maji. Mimea hutofautiana katika bei inayolipa.

Nyasi nyingi za Las Vegas zilikuwa za jamii ya nchi za baridi, asili yake Ulaya. Nyasi hizi hufungua stomata wakati wa mchana, jua linapochoma na hewa ni kavu, hivyo hulipa bei kubwa. Nyasi za nchi za joto, kama ukoka unaojulikana sana Afrika Mashariki, zina namna ya kukusanya kaboni dayoksaidi kwa ufanisi zaidi, hivyo huhitaji maji machache kuliko zile za Ulaya. Lakini hata ukoka hauwezi kukaa kijani jangwani bila ya bomba.

Mimea ya jamii ya mkonge imekwenda mbali zaidi. Hufunga stomata mchana kutwa, na kuzifungua usiku, wakati hewa ni baridi na upotevu wa maji ni mdogo. Kaboni dayoksaidi iliyoingia usiku huhifadhiwa ndani ya jani katika hali ya asidi, na kulipopambazuka hutumiwa pamoja na mwanga wa jua ilhali milango imefungwa. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda Nevada ili kuuona mmea wa namna hiyo. Mkonge ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, ambao inasimuliwa kwamba ni miche 62 tu iliyofika hai, asili yake ni Meksiko, na ndugu zake wa karibu ndio wanaopandwa leo mbele ya nyumba za Las Vegas mahali palipokuwa na nyasi.

Mimea mingine ya jangwani hutumia mbinu nyingine: majani madogo au yenye nta, rangi ya kijivu inayorudisha mwanga, au mizizi inayokwenda chini sana kutafuta unyevu. Hata hivyo mmea peke yake hautoshi. Mwaka 1981 idara ya maji ya mji wa Denver, katika Jimbo la Colorado, ilibuni jina la bustani ya namna hii kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ukavu, na kanuni zilizoenezwa baadaye chini ya jina hilo ni saba: kupanga bustani mapema, kurutubisha udongo, kupunguza nyasi na kuziacha pale tu zinapotumika, kuchagua mimea inayofaa, kumwagilia kwa njia yenye ufanisi, kutandaza matandazo juu ya udongo, na kutunza.

Kumwagilia ndiko kunakobadilika kuliko mengine yote. Vinyunyizio vya nyasi hurusha maji hewani, na mengine huangukia njia na kuta. Katika bustani ya ukame bomba jembamba hupitishwa chini ya matandazo, na kila mmea hupata matone yake mahali mizizi ilipo. Udongo ulio kati ya mmea na mmea hubaki mkavu, na udongo mkavu hauna cha kuvukiza.

MASHARTI YA MAREJESHO

Fedha ya umma ikitolewa ovyo huliwa ovyo. Kwa hiyo mpango umewekewa masharti, na kila sharti lina sababu yake.

Kwanza, nyasi lazima ziwe hai, na mkaguzi azione kabla hazijang'olewa. Anayeng'oa kwanza na kuomba baadaye hapati kitu. Kinachonunuliwa hapa ni maji yatakayookolewa, na nyasi zilizokufa tayari hazinywi maji.

Pili, bustani mpya haiwezi kuwa uwanja wa kokoto tupu. Hesabu ya majani hufanywa kwa kukadiria ukubwa wa kila mmea utakapokomaa, na mimea yote pamoja lazima ifunike angalau nusu ya eneo lililogeuzwa. Sababu ni joto. Nyasi hupoza hewa kwa kutoa mvuke, ilhali kokoto hulivuta jua mchana na kutoa joto usiku. Mji unaoondoa nyasi zote na kumwaga mawe utaokoa maji, lakini utajichoma wenyewe, na huenda maji yaliyookolewa yakaliwa na umeme wa kupozea nyumba. Kivuli cha mti ndicho kinachopatanisha mambo hayo mawili, na baadaye mamlaka ilianza kutoa malipo ya ziada kwa kila mti mpya unaopandwa.

Tatu, eneo lote lazima liwe na matandazo, na umwagiliaji uwe wa matone.

Nne, mwenye nyumba hutakiwa kutia saini ahadi inayofungamana na ardhi yenyewe, kwamba nyasi hazitarudishwa. Hata akiuza nyumba, ahadi humfuata mnunuzi. Bila ya sharti hili, mamlaka ingekuwa inakodi maji badala ya kuyanunua.

HESABU YA GHARAMA

Mpango ulipoanza mwaka 1999, malipo yalikuwa senti 40 za dola kwa futi moja ya mraba, sawa na dola 4.30 hivi kwa mita ya mraba. Yalipandishwa mara kadhaa, na mwaka 2018 yalifika dola 3 kwa futi, yaani takriban dola 32 kwa mita. Mwaka 2024, kwa msaada wa fedha za Serikali ya Marekani, wenye nyumba walipewa kwa muda dola 5 kwa futi. Kupanda huku hakushangazi. Waliokuwa tayari kung'oa nyasi kwa malipo madogo walikwisha kufanya hivyo. Waliobaki ni wale wanaozipenda zaidi, na hao lazima wabembelezwe kwa bei kubwa.

Je, ni ghali? Kwa kiwango cha dola 3, bustani ya mita za mraba 150 iliyotajwa hapo juu hurejeshewa takriban dola 4,800. Ikiokoa meta za ujazo 340 kila mwaka kwa miaka 20, mamlaka itakuwa imelipa karibu senti 71 kwa kila meta ya ujazo. Ikidumu miaka 10 tu, gharama huwa mara mbili.

Hesabu hiyo sharti ilinganishwe na njia nyinginezo. Kwa kuwa ziwa lilikuwa likishuka, mamlaka ililazimika kuchimba mlango wa tatu wa kuchotea maji chini kabisa ya ziwa, uliokamilika mwaka 2015, na kujenga kituo kipya cha kusukuma maji, kilichokamilika mwaka 2020. Kazi hizo mbili ziligharimu zaidi ya dola bilioni 1.3, wala hazikuongeza hata tone katika fungu la Nevada. Zilihakikisha tu kwamba lililopo laweza kufikiwa. Vilevile palikuwa na mpango mwingine, ulioanza mwaka 1989, wa kuvuta maji ya chini ya ardhi kutoka mabonde ya mashambani umbali wa mamia ya kilomita. Wafugaji, wahifadhi wa mazingira na makabila ya asili ya eneo hilo waliupinga mahakamani kwa miongo mitatu, wakisema kwamba chemchemi zao zitakauka ili nyasi za mjini zinywe. Mwaka 2020 mamlaka iliuweka kando. Maji yaliyokuwa yakitafutwa mbali kwa mabilioni ya dola, kwa kiasi kikubwa yalipatikana mbele ya milango ya nyumba.

Lakini mwanauchumi ataongeza neno moja. Miongoni mwa wanaolipwa wamo ambao wangeng'oa nyasi hata bila ya kulipwa, kwa sababu ya uchovu wa kuzikata au ukubwa wa ankara. Maji yao yangeokolewa kwa vyovyote, na fedha waliyopewa haikununua kitu. Ikiwa katika kila watu watatu mmoja ni wa namna hiyo, basi gharama halisi ya meta moja ya ujazo, kwa hesabu ya miaka 20, si senti 71 bali ni dola 1.07 hivi. Tatizo hili halikwepeki katika ruzuku yoyote, iwe ya bustani, ya mbolea au ya majiko. Linaweza kupunguzwa kwa masharti, lakini haliwezi kuondolewa kabisa.

NANI HULIPA, NANI HUFAIDI?

Hapa ndipo penye swali la haki. Fedha za marejesho hutoka kwa sehemu kubwa katika malipo ya watumiaji wa maji wote. Mpangaji wa chumba kimoja katika jengo la ghorofa hana nyasi za kung'oa, lakini katika ankara yake mna senti zinazokwenda kumlipa mwenye jumba lenye bustani kubwa. Aliyekuwa akitumia maji kwa kiasi tangu mwanzo hapati kitu. Aliyekuwa akiyamwaga ndiye anayelipwa aache. Zaidi ya hayo, marejesho hulipwa baada ya kazi kwisha, hivyo asiye na akiba ya kuwalipa mafundi hawezi hata kuanza.

Watetezi wa mpango hujibu kwamba mpangaji yule naye hunufaika. Lau maji yasingeokolewa, ingebidi yatafutwe mahali pengine kwa gharama kubwa zaidi, na ankara ya kila mtu ingepanda. Jibu hilo lina uzito, lakini halimalizi swali, kwa kuwa faida ya jumla yaweza kuwapo na bado mgawanyo wake ukawa wa upande mmoja. Ndiyo sababu marejesho hayakuachwa yafanye kazi peke yake. Yaliambatana na bei ya maji inayopanda ngazi kwa ngazi kadiri matumizi yanavyozidi, na tangu mwaka 2003 na kanuni zilizokataza nyasi mbele ya nyumba mpya na zilizopanga siku za kumwagilia. Hivyo anayeng'ang'ania nyasi nyingi hulipia uamuzi wake, na anayejenga upya halipwi kwa kufanya lile ambalo ni wajibu wake.

KUTOKA HIARI HADI SHERIA

Mwaka 2021 Bunge la Jimbo la Nevada lilipitisha sheria ambayo haikuwa na mfano nchini Marekani. Kuanzia mwanzo wa mwaka 2027, maji ya Mto Colorado yasitumike kumwagilia nyasi za mapambo, zile ambazo hakuna anayezikanyaga isipokuwa anayezikata: kandokando ya barabara, katika mizunguko ya magari, mbele ya maofisi na maduka, na katika maeneo ya pamoja ya mitaa. Nyasi za nyumba za familia moja hazikuguswa, wala viwanja vya michezo na bustani za umma ambako watoto hucheza. Ilikadiriwa kwamba nyasi zilizolengwa zilifunika hekta 1,600 hivi, na kwamba kuziondoa kungeokoa karibu asilimia 10 ya maji ya eneo hilo.

Sheria hiyo isingeweza kupita mwaka 1999. Iliwezekana baada ya miaka zaidi ya 20 ya marejesho, ambapo wakazi walikuwa wameona kwa macho yao bustani za jirani zenye mikonge na maua ya jangwani, wakatambua kwamba kuishi bila ya nyasi si kuishi katika umaskini. Fedha ilinunua maji, na pia ilinunua mfano.

Utekelezaji wake haukukosa dosari. Mti uliokua miaka 30 katikati ya nyasi ulikuwa umetandaza mizizi yake pale vinyunyizio vilipoangukia. Nyasi zikikatiwa maji bila ya mti kuwekewa bomba lake, mti hufa taratibu, na pamoja nao hufa kivuli. Yameibuka malalamiko ya miti kukauka katika mitaa iliyotekeleza sheria kwa haraka. Kuvinyima nyasi maji ni kazi ya siku moja; kuupata mti mwingine wa miaka 30 ni kazi ya kizazi.

Kwa jumla, matokeo ni makubwa. Mwaka 2002 Nevada ya kusini ilitumia takriban meta za ujazo milioni 400 za Mto Colorado. Mwaka 2023 ilitumia takriban milioni 232, ingawa watu walikuwa wameongezeka kwa zaidi ya 700,000. Si marejesho peke yake yaliyoleta hali hiyo. Bei, kanuni na hali ya hewa vilichangia. Lakini hakuna anayeitazama hesabu hiyo awezaye kuyaweka marejesho kando.

FUNZO LISILOPASWA KUNAKILIWA OVYO

Ingekuwa makosa kwa mji wowote wa Afrika Mashariki kuuchukua mpango huu kama ulivyo. Ukame uliopunguza maji ya Mto Ruvu mwishoni mwa mwaka 2022, na kuulazimisha mji wa Dar es Salaam kugawa maji kwa zamu, haukusababishwa na bustani za nyasi, na wengi wa wakazi walioteseka hawana bustani ya kung'oa. Katika miji yetu maji mengi hupotea kwa mabomba yanayovuja chini ya ardhi kabla ya kufika nyumbani. Aliye na ndoo inayovuja hana budi kuziba tundu kwanza.

Mimea nayo haihamishwi ovyo. Jamii ya mti uitwao Prosopisi hupandwa Las Vegas kwa kuwa inastahimili ukame. Mmoja wa jamii hiyo ulipelekwa Baringo, nchini Kenya, kwa nia njema ya kuzuia jangwa, na leo wakazi wanaujua kwa jina la mathenge: umevamia malisho, miiba yake hujeruhi watu na mifugo, na kuung'oa ni kazi kubwa. Bustani ya ukame ya Dodoma au Isiolo yafaa itokane na mimea ya Dodoma au Isiolo, kama vile mishubiri na migunga iliyokuwapo hapo tangu zamani.

Kinachofaa kuchukuliwa ni utaratibu wa kufikiri. Wahusika wa Nevada walianza kwa kuuliza maji yanaondokea wapi na yasirudi. Walifunga mita, wakapima kwa miaka, wakalinganisha. Ndipo walipoamua fedha iende wapi, wakaiwekea masharti, na wakakagua kama masharti yametimizwa. Katika mji mmoja jibu litakuwa nyasi, katika mwingine bomba lililooza, katika wa tatu mfereji wa shamba usiosakafiwa. Swali la kwanza ni moja kila mahali, na haliwezi kujibiwa bila ya mita.